Je, Wajua? Chai na Vitafunwa vya Mkula

Mkula ipo chini ya Milima ya Udzungwa, kando ya barabara inayotoka Kidatu kwenda Ifakara. Majani ya chai hayalimwi hapa bondeni, lakini karibu kila kitu kingine kinachowekwa kwenye sinia la chai kinapatikana jirani: mchele, sukari, ndizi, mihogo, viazi, mchaichai, hata kakao. Kinachotofautisha chai tamu na chai ya kumalizia tu ni kujua kipi kitangulie sufuriani, kipi kifuate, na kwa nini. Haya hapa machache ya kujua kabla hujawasha jiko.

MAJANI

1. Je, wajua kwamba chai nyeusi na chai ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja? Jina lake la kisayansi ni Camellia sinensis. Ya kijani hupashwa moto mapema baada ya kuchumwa, ndiyo maana haibadiliki rangi. Nyeusi hupondwa, ikaachwa ipigwe na hewa hadi iwe na rangi ya shaba, kisha ikakaushwa.

2. Miongoni mwa majani ya chai ya zamani zaidi kupatikana ni yale yaliyofukuliwa China, kwenye kaburi la Mfalme Jing wa ukoo wa Han. Yana umri wa zaidi ya miaka 2,100.

3. Tanzania, Wajerumani waliijaribu chai kwanza Amani, Usambara, mwaka 1902. Leo mashamba makubwa yapo Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Mufindi iko juu ya safu hii hii ya Udzungwa inayoikinga Mkula: ukisimama ukingoni mwa nyanda zake, Bonde la Kilombero liko chini yako. Mito ya Mnyera na Ruhudji huteremka kutoka nyanda hizo za Mufindi na Njombe na kuingia Mto Kilombero. Mvua inayonyeshea michai kule juu, sehemu yake huishia kwenye majaruba ya mpunga huku chini.

4. Kwa miongo mingi chai ya Tanzania ilipelekwa kunadiwa Mombasa. Mwaka 2023 mnada wa chai ulianzishwa Dar es Salaam.

5. Chai nyingi tunayonunua dukani ni punje ndogo nyeusi, si majani yaliyojikunja. Ni kazi ya mashine ya kuponda, kuchana na kukunja iliyobuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930. Punje hizo hutoa rangi haraka sana. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Ukiziacha zitokote nusu saa huongezi ladha, unaongeza uchungu.

MAJI NA MOTO

6. Je, wajua kwamba maji ya Mkula huchemka yakiwa ya moto kuliko ya Mufindi? Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzijoto 100, na kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 1. Huku bondeni tunachemshia kwenye nyuzi 99 hivi. Mufindi, karibu mita 1,900 juu, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 tu. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, ni nyuzi 80 hivi. Kwa hiyo bonde lina maji bora ya kukamulia majani kuliko huko yanakochumwa.

7. Chai yako ya rangi inatoka nyeusi kama wino, na juu ina utando? Angalia maji. Maji ya kisima yenye madini mengi ya chuma hukutana na tanini ya chai na kufanya weusi. Wino wa kuandikia wa karne nyingi huko Ulaya ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo: tanini na chuma. Yaache maji yatulie usiku kucha, uchote ya juu, au tumia ya mvua. Kumbuka tabia hii ya tanini na chuma, tutaikuta tena tumboni.

8. Ukikamua limau ndani ya chai ya rangi, rangi inapauka palepale. Chai haijaharibika. Vitu vinavyoipa wekundu wake hubadilika rangi vikikutana na uchachu.

9. Mpaka mwaka 2011, wanavijiji wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka ndani ya hifadhi. Ruhusa hiyo ilipoondolewa, kila kikombe cha chai kikawa na hesabu mpya ya moto. Lakini bonde lina nishati yake: karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba ngumu. Gunia la kilo 100 linaacha kilo 20 hivi mashineni, na pumba hizo huwaka vizuri kwenye jiko lililotengenezwa kwa ajili yake. Na popote upikapo, funika sufuria. Mfuniko huokoa kuni kila siku bila gharama.

MAZIWA NA VIUNGO

10. Je, wajua kwa nini maziwa hukatika ukitia tangawizi? Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Moto mkali hukiua. Kwa hiyo tangawizi haiingii kwenye maziwa: inachemka kwanza na maji, dakika 5 au zaidi, ndipo maziwa yafuate. Mpangilio huo mmoja umewaokolea wengi sufuria nzima.

11. Chai ya maziwa ya watu wanne: maji vikombe 3, tangawizi iliyopondwa ukubwa wa kidole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki 4. Chemsha dakika 5. Tia majani vijiko 2 vya chai, dakika 3. Mimina maziwa vikombe 2, acha yapande mara mbili, epua, chuja.

12. Maziwa hayapunguzi ukali wa chai kwa kuichanganya na utamu tu. Protini yake, kasini, hushikana na tanini, na tanini iliyoshikwa haikaushi tena ulimi.

13. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosisi. Bondeni wafugaji ni wengi na maziwa freshi hupatikana, basi yachemshe hadi yapande kabla ya matumizi yoyote. Yaliyoanza kuchacha usiyapeleke kwenye chai: uchachu na moto vikikutana yanaganda mabonge.

14. Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Mdalasini ni gome. Iliki ni tunda. Tangawizi ni shina linalotambaa chini ya udongo. Kikombe kimoja cha chai ya viungo kina sehemu nne tofauti za mimea.

15. Iliki ni miongoni mwa viungo ghali zaidi duniani, baada ya zafarani na vanila. Asili yake ni India, lakini Guatemala imekuwa mzalishaji mkubwa. Harufu yake huruka haraka mara ganda likifunguliwa. Nunua nzima, ponda saa ile ile unayopika.

16. Si lazima viungo vitoke Zanzibar. Milima ya Uluguru, katika mkoa wetu wa Morogoro, hutoa karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga.

SUKARI

17. Je, wajua kwamba sukari ya Kilombero hutengenezwa pande mbili za Mto Ruaha Mkuu? Kiwanda cha Msolwa kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 upande wa Kidatu, na cha Ruembe kikafuata mwaka 1976 ng'ambo ya mto. Wakulima wa vijiji vya jirani hulima miwa na kuipeleka huko. Kwa wastani, tani 10 za miwa hutoa tani 1 ya sukari.

18. Asili ya muwa ni Guinea Mpya, kisiwa cha Pasifiki. Ulisafiri hadi India, na huko ndiko watu walikojifunza kugeuza maji yake kuwa chembe za sukari.

19. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, vijiko 6 vya chai. Vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimeshamaliza siku, kabla hujagusa andazi. Njia rahisi ya kupunguza: ongeza mdalasini na iliki, punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea.

20. Asali ni tamu kwenye chai ya tangawizi, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe hata tone. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha, ambavyo tumbo changa haliwezi kupambana navyo.

VINYWAJI VISIVYO NA MAJANI YA CHAI

21. Harufu ya mchaichai na harufu ya ganda la limau zinafanana kwa sababu zina kitu kimoja: sitrali. Mchaichai hauna kafeini, kwa hiyo unafaa usiku na kwa watoto wakubwa. Kata majani, yakunjekunje kwa mkono yapasuke, chemsha dakika 5, funika dakika 5 nyingine.

22. Mchaichai una ndugu yake wa karibu, sitronela, ambaye mafuta yake hutumika kufukuza mbu. Ifakara, ambako utafiti wa magonjwa yanayoenezwa na mbu unafanywa na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ya Waswisi ya mwaka 1957, inajulikana duniani kwa kazi hiyo. Lakini shina la mchaichai mlangoni halizuii malaria. Panda kwa ajili ya chai, na ulale ndani ya chandarua.

23. Sehemu nyekundu ya rosela tunayoloweka siyo ua. Ni vijani vinene vinavyobaki vikizunguka tunda baada ya ua kudondoka. Tia limau, wekundu unawaka. Tia chembe ya magadi, unageuka wa bluu au kijani. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amweleze daktari kabla ya kuinywa kila siku, maana rosela nayo inaweza kulishusha.

24. Je, wajua kwamba kakao ya Kilombero hugeuzwa chokoleti nje ya nchi? Tangu mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili, huko Mbingu, hununua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima, ikazivundika, ikazikausha na kuziuza kwa watengenezaji wa chokoleti ng'ambo. Nyumbani unaweza kufaidi mbegu zilizovundikwa na kukaushwa: zikaange moto mdogo hadi zinukie na maganda yapasuke, zimenye, zitwange zikiwa bado na joto. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, kwa hiyo kinuni hazibaki unga, zinalainika kama siagi ya karanga. Kijiko kimoja cha chakula kwa vikombe 2 vya maji, kijiti cha mdalasini, chemsha, tia maziwa.

VITAFUNWA

25. Harufu ya mchele mzuri wa Kilombero inatokana na kemikali iitwayo 2-asetili-1-pirolini. Kemikali hiyo hiyo ndiyo inayonukia kwenye ganda la mkate uliotoka tanuri. Ndiyo maana kitumbua cha mchele wa kunukia, kikishika rangi ya kahawia pembeni, hunukia kama mkate mpya.

26. Vitumbua havihitaji mchele wa daraja la kwanza. Chenga, ambazo ni rahisi bei, zinafaa kabisa kwa sababu zinakwenda kusagwa. Loweka vikombe 2 usiku kucha, chuja. Saga na tui zito kikombe 1 na robo, iliki 5, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai. Ongeza wali uliopikwa vijiko 3 vya chakula, saga tena hadi ulaini uwe wa uji mzito. Funika mpaka uumuke. Pasha kikaango cha vitumbua, tia mafuta kidogo kila kishimo, mimina, geuza pembeni zikikauka.

27. Kwa nini wali? Ngano ina gluteni, ule mnato unaoshikilia hewa ya hamira. Mchele hauna. Wanga uliokwisha kuiva hufanya kazi hiyo badala yake: unanata, unashika mapovu, na kitumbua kinatoka na vitundu ndani badala ya kulala kama chapati. Ukikosa wali, koroga uji mzito wa vijiko 2 vya unga wa mchele, upoe, uchanganye.

28. Maandazi yanayokunywa mafuta yaliingia kwenye mafuta ambayo bado ni baridi. Yanayoiva nje na kubaki mabichi ndani yaliingia kwenye mafuta makali mno. Dondosha kipande kidogo cha donge: kikizama kisha kikapanda taratibu na mapovu, endelea. Kikiungua papo hapo, punguza moto.

29. Hamira ni kiumbe hai, kuvu mdogo anayekula sukari na kutoa hewa. Maji yanayounguza kidole humuua. Maji ya uvuguvugu humwamsha.

30. Kiazi kitamu kinaweza kuongezeka utamu bila sukari. Ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari wakati kiazi kina joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi. Kiazi kikipita haraka kwenye joto hilo, kazi haikamiliki. Anza na maji baridi na moto mdogo, au kifukie kwenye jivu la moto kiive polepole. Viazi lishe, vyenye rangi ya chungwa, vinaongeza na vitamini A.

31. Magimbi huwasha koo kwa sababu yana visindano vidogo sana vya oksalati ya kalisi. Yachemshe hadi yalainike kabisa, na umwage maji yake.

32. Muhogo mtamu unachemshwa ukaliwa na chai. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kuuchemsha tu hakutoshi: unatakiwa kumenywa, kulowekwa au kuvundikwa, kukaushwa na kusagwa. Usipojua mbegu ya muhogo aliokupa jirani, muulize kabla hujawapa watoto.

33. Kashata ya karanga huanza kwa kuchambua. Tupa karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ngeni. Sumu ya ukungu, yaani sumukuvu, haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Karanga nzuri zikaange, zipondeponde, yeyusha sukari hadi iwe na rangi ya asali, changanya haraka na tangawizi, tandaza, kata kabla haijapoa.

34. Bagia za kunde zina protini nyingi kuliko andazi. Loweka kunde, pukusa maganda, saga na maji kidogo sana, kisha piga rojo kwa mwiko dakika kadhaa. Hewa unayoiingiza kwa kupiga ndiyo inayozifanya ziwe nyepesi bila hamira.

MWILI WAKO

35. Tuirudie tanini. Chai ikinywewa pamoja na chakula hushika madini ya chuma ya maharage, mchicha na nafaka, na majaribio yameonyesha inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu kile ambacho mwili ungepata. Kwa mama mjamzito na mtoto katika bonde lenye malaria, ambayo nayo huleta upungufu wa damu, hili ni jambo zito. Mlo kwanza, chai saa moja baadaye. Pamoja na mlo, toa chungwa, papai au maji ya limau: vitamini C husaidia chuma kiingie. Na mtoto chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake.

36. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini. Chai ya saa mbili usiku inaweza kukukesha hadi saa saba. Badili kwa mchaichai.

37. Je, wajua kwamba chai ya moto inaweza kukupoza? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa kinywaji cha moto huongeza jasho, na jasho likikauka hutoa joto jingi kuliko lililoingia. Sharti ni likauke. Wakati wa masika, hewa ya bonde ikijaa unyevu, faida hiyo hupotea.

38. Moto nao una mpaka. Mwaka 2016 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya koo la chakula, ugonjwa ambao umeenea Afrika Mashariki. Subiri dakika chache. Ukishindwa kumeza bila kupuliza, bado.

CHUPA YA CHAI

39. Chupa ya chai ilibuniwa na James Dewar, mwanasayansi kutoka Scotland, mwaka 1892, kwa ajili ya kuhifadhi vimiminika vya baridi kali maabarani. Kati ya kuta zake mbili hakuna hewa, hivyo joto halina njia rahisi ya kupita. Suuza kwa maji ya moto kabla ya kujaza, na chuja majani kwanza. Yakibaki ndani, ukifika shambani unakuta chai chungu.

40. Chupa iliyoshika utando wa kahawia haihitaji sabuni kali. Tia gao la chenga, maji ya uvuguvugu, maji ya limau moja. Funga, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza.

RATIBA YA JUMAMOSI

Ijumaa usiku loweka chenga. Jumamosi saa tisa alasiri saga na uache rojo liumuke. Saa tisa na nusu weka viazi kwenye maji baridi, moto mdogo. Saa kumi na nusu pasha kikaango, na jiko la pili lichemshe tangawizi na iliki. Vitumbua vya mwisho vikiiva, tia majani, kisha maziwa. Waite jirani na watoto, na umweleze kila anayeuliza siri ya utamu huo: tangawizi kabla ya maziwa, na wali ndani ya rojo. Na kwa ajili ya afya, chai saa moja baada ya mlo.